Shaktipata: neema inayomshukia mtu

Mwenye mtoto wa jicho haponi kwa kukodoa macho. Ajitahidi atakavyo, ukungu utabaki palepale mpaka aje wa kuuondoa. Kwa mfano huo, wanazuoni wa Shaiva Siddhanta, madhehebu ya wafuasi wa Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, yenye mizizi mirefu kusini mwa India, walieleza kwa nini yoga peke yake haimfikishi mtu mwisho wa safari. Kukaa kitako, kudhibiti pumzi, kutuliza mawazo, yote yana kazi yake, lakini jicho halijipasui lenyewe. Mpasuaji ni Mungu, kwa mkono wa guru anayemwingiza mwanafunzi katika njia kwa ibada iitwayo diksha.

Neema kwa Kisanskriti ni anugraha. Inapomfikia mtu fulani, tantra, yaani mapokeo ya Kihindi ya maandiko na ibada za kuingizwa na guru, huiita shaktipata: shakti ni nguvu ya kimungu, pata ni kuanguka au kushuka. Msomaji wa Kiswahili asidanganyike na sauti akadhani ni kupata kwetu. Hapa mtu hakupata, ameshukiwa.

Wengi wetu tumelizoea neno neema kanisani au msikitini, likikaa jirani na msamaha na rehema. Katika tantra ya Shiva linaegemea zaidi upande wa kufunuliwa. Shiva ana matendo matano: kuumba, kutunza, kuangamiza, kuficha na kuneemesha. Usilipite haraka hilo la nne. Mungu mwenyewe ndiye anayejificha, nafsi ikajiona ndogo na imefungwa. Neema basi ni pazia kuinuliwa na yule yule aliyelishusha.

Matendo hayo yote yamo katika sanamu moja. Mtazame Nataraja, Shiva anayecheza ngoma, jinsi mafundi wa Kitamil walivyomsubu kwa shaba nyeusi enzi za wafalme wa Chola, yapata miaka 1,000 iliyopita. Mkono wa kulia wa nyuma una kijingoma: ndio kuumba. Wa kushoto wa nyuma una moto: ndio kuangamiza. Kiganja cha kulia cha mbele kimeinuliwa kama anayesema usiogope, na huko ndiko kutunza. Mguu wa kulia umemkanyaga kibeti wa ujinga, nao huhesabiwa kuwa kuficha. Kisha fuata mkono wa kushoto wa mbele, unaoning'inia mlegevu kama mkonga wa tembo. Vidole vyake vinaelekeza chini, kwenye mguu wa kushoto ulionyanyuliwa. Mguu huo ndio neema, na anayeuonyesha ni Shiva mwenyewe.

Je, neema humshukia nani, na kwa nini huyu na si yule? Hapo ndipo wenyewe walipogawanyika. Shaiva Siddhanta walisema uchafu wa nafsi, mala, hukomaa kama mtoto wa jicho, na ukishakomaa ndipo huondolewa. Abhinavagupta, mwanazuoni wa Kashmir aliyeishi yapata mwaka 1000, aliikataa hoja hiyo katika sura ya 13 ya kitabu chake Tantraloka. Kama Mungu anasubiri kitu kingine kikomae, uhuru wake uko wapi? Kwake neema haina sababu nje ya Mungu, wala hailipwi kwa matendo mema.

Ila haishuki kwa nguvu moja. Aliipanga katika daraja tatu, kali, ya kati na hafifu, kila moja ikigawanyika mara tatu, jumla tisa. Iliyo kali kuliko zote yaweza kumtoa mtu mwilini papo hapo. Inayofuata humfumbua kwa ndani bila mwalimu. Ya tatu humtia hamu ya kumtafuta guru wa kweli. Mimi hunishika hii ya tatu. Mtu anayeamka alfajiri kutafuta mwalimu hudhani ameanza yeye, kumbe hata hamu yake ameshashukiwa nayo. Kwa hiyo juhudi haifutwi, maana yenyewe ni dalili kwamba neema imeshafika.

Kuhusu namna guru anavyoipitisha neema, andiko liitwalo Kularnava Tantra linatoa mifano mitatu ya malezi. Kuna diksha ya kugusa, kama ndege anavyowapa makinda joto la mbawa zake. Kuna ya kutazama, kama samaki anayelea watoto wake kwa macho tu. Na kuna ya moyoni, kama kobe anayewalea wanawe kwa kuwawaza akiwa mbali nao.

Neno jingine la neema, prasada, lipo karibu nasi zaidi. Katika mahekalu ya Wahindu ya Mombasa au Dar es Salaam, chakula kilichotolewa kwa mungu hugawiwa waumini, na jina lake ndilo hilo, prasad. Huenda ni ladu, huenda ni kipande cha nazi. Huchagui wala hulipi. Unakinga kiganja cha kulia, unawekewa.