Virusi vya Rota: G na P Zina Maana Gani?

Katika kliniki za watoto hapa Nairobi, iwe Kayole au Kawangware, akina mama huuliza: "Daktari, huyu si alipewa matone ya rota? Mbona anaendesha?" Ni swali la haki, maana matone hayo ni chanjo ya virusi vya rota, vinavyoharisha watoto. Huenda kuhara huko kumeletwa na vijidudu vingine kabisa. Lakini hata kama ni rota, ni vizuri kujua kwamba rota wako wa aina nyingi.

Jina limetoka kwenye neno la Kilatini la gurudumu, kwa sababu ndivyo kirusi hiki kinavyoonekana kwenye hadubini ya elektroni. Ruth Bishop na wenzake walikitambua Melbourne mwaka 1973, ndani ya utumbo wa watoto waliokuwa wakihara. Kirusi hiki hushambulia chembe hai (seli) za utumbo mdogo zinazofyonza maji na chakula. Mtoto hutapika, hupata homa, kisha huhara majimaji. Karibu kila mtoto duniani huambukizwa kabla ya kutimiza miaka 5, wa Runda kwa matajiri sawa na wa Mathare kwenye mabanda. Kinachowatenganisha ni nani anapata maji ya chumvi na sukari mapema, na nani anafika hospitalini macho yameshaingia ndani.

Sasa aina. Ganda la nje la kirusi lina protini mbili: VP7 ndiyo ganda lenyewe, VP4 ni miiba inayochomoza. Ya kwanza hutoa herufi G, ya pili herufi P. Kwa hiyo kila kirusi kina majina mawili, kama mtu anavyoitwa Juma bin Ali: G1P[8], G2P[4], G9P[8], G12P[8]. Huku Afrika hukutwa pia G8, ambayo huonekana kwa ng'ombe, na Nairobi yetu bado ina mitaa ambamo zizi na chumba cha kulala vinatazamana.

Aina hizi huzaliwaje? Jeni za rota ziko katika vipande 11 vilivyoachana, mfano wa kitabu cha karatasi 11 ambacho hakijashonwa. Mtoto akiambukizwa aina mbili kwa pamoja, zikaingia chembe moja, karatasi huchanganyika wakati wa kunakiliwa, na kirusi kinachotoka kinaweza kuwa na G ya huyu na P ya yule. Zaidi ya hayo, kirusi kikijinakili hukosea herufi, na hakina cha kusahihisha makosa hayo. Makosa yakirundikana miaka nenda miaka rudi, ganda hubadilika sura.

Kenya ilianza kutoa chanjo ya rota Julai 2014, matone ya mdomoni, wakati huo katika wiki ya 6 na ya 10. Chanjo iliyoanza nayo ilitengenezwa kutokana na G1P[8]. Hata hivyo huusaidia mwili kupambana na aina nyingine pia, maana kinga haisomi ganda peke yake. Kazi yake kubwa ni kuzuia ule ugonjwa mkali wa kumlaza mtoto kwenye dripu. Kuhara kwepesi kunaweza kutokea. Kwa hiyo, mama, usione matone yalikuwa bure, wala usiruke dozi inayofuata.

Kwa kuwa aina hizi hubadilika, watafiti bado hukusanya kinyesi cha watoto wanaolazwa ili kuona ni zipi zinazozunguka. Mojawapo ya vipimo vya zamani ni rahisi na kinapendeza kukitazama: jeni huwekwa kwenye jeli, umeme hupitishwa, vipande hutembea kila kimoja kwa ukubwa wake, kisha jeli hutiwa rangi. Michirizi 11 hujipanga kama ngazi. Mara nyingine inahesabiwa 11, inahesabiwa tena, na ni 13 au 14. Hapo anajulikana mtoto mmoja aliyebeba rota wawili kwa wakati mmoja.