Hei Inayomfaa Sungura: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua

Wafugaji wengi wa sungura mjini Moshi na Arusha huchagua hei, yaani nyasi zilizokaushwa za kulishia mifugo, kwa kulinganisha bei ya robota, ilhali kilichofungwa ndani yake ndicho kinachoamua afya ya mnyama. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na kinachoyapunguza ni kutafuna nyuzinyuzi kwa saa nyingi kila siku. Nyuzinyuzi hizo hizo ndizo zinazoufanya utumbo wake ufanye kazi. Anapolishwa pumba na kabichi pekee, utumbo hulegea na tumbo hujaa gesi. Sungura aliyeacha kula na kutoa kinyesi aonwe na daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwa sungura mkubwa, msingi wa chakula ni hei ya nyasi, nayo iwepo mbele yake usiku na mchana pamoja na maji safi. Katika ukanda wetu tunapendekeza kwanza nyasi aina ya Rhodes, kwa sababu shina lake ni jembamba na hukauka sawasawa na majani. Mabingobingo na guatemala, majani marefu ya malisho yaliyojaa vihambani (mashamba ya nyumbani) kwa ajili ya ng'ombe, yana shina nene ambalo hubaki na unyevu wakati majani yameshakauka, na ukungu huanzia hapo. Ni afadhali kuyatoa mabichi yakiwa machanga. Mabua ya mpunga yanafaa zaidi kuwa matandiko. Hei ya timothi inayosifiwa mtandaoni ni ya nchi za baridi, na mfugaji wa hapa hana haja ya kuihangaikia.

Lusina, yaani alfalfa, ni jambo jingine. Ni jamii ya mikunde, ina protini na kalsiamu nyingi kuliko nyasi, na kwa hiyo inawafaa watoto wanaokua na majike wenye mimba au wanaonyonyesha. Mwili wa sungura hufyonza kalsiamu nyingi kutoka kwenye chakula na kuitoa iliyozidi kwa njia ya mkojo. Sungura mkubwa anayeshindia lusina anaweza kutoa mkojo mzito wenye mashapo meupe na hatimaye kupata mawe kwenye kibofu. Apunguziwe taratibu anapofikisha umri wa miezi sita hivi.

Ukiwa kwa muuzaji, mwombe akufungulie robota, kwani upande wa nje hudanganya: jua huufifisha hata pale ambapo katikati ni pazuri, na mara nyingine nje panapendeza huku ndani pameoza. Ingiza mkono hadi katikati. Pakiwa na joto au unyevunyevu, hei ilifungwa kabla ya kukauka. Chukua konzi moja uikung'ute juani. Vumbi jeupe au la kijivu linaloruka ni dalili ya ukungu, na hei hiyo usiinunue hata ukipunguziwa bei, maana baadhi ya kuvu hutoa sumu isiyoondoka kwa kuianika upya. Hei nzuri ina rangi ya kijani, hunukia majani makavu, na majani yake bado yameshikana na shina. Ukiona masuke yaliyokomaa na kupukutisha mbegu, nyasi zilichelewa kukatwa na lishe yake imepungua sana. Wakati mzuri wa kukata ni zinapoanza kuchanua.

Uliza pia zilikokatwa. Nyasi za chini ya mibuni iliyopigwa mrututu (dawa ya shaba), au za kandokando ya mashamba ya mboga na maua yanayonyunyiziwa dawa mara kwa mara, zisilishwe sungura. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na swali hili, na asiyeweza kulijibu ni bora kumwacha.

Kwa kuwa majani hupungua kati ya Julai na Oktoba, nunua akiba mara masika yanapokwisha, uipange juu ya mbao chini ya paa, mbali na ukuta. Unapobadilisha aina ya hei, ichanganye na ya zamani kwa muda wa wiki moja, ukiongeza mpya kidogo kidogo.