"Tatizo Letu ni Mtaji Tu" na Dhana Nyingine Zinazovikwamisha Vijiji Vyetu

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkoani Dodoma. Kila kikundi ninachokitembelea, kiwe cha akina mama wafuga kuku au cha vijana wa bodaboda, nikiuliza kinachowakwamisha napewa jibu lilelile: "Bibi maendeleo, sisi tatizo letu ni mtaji tu." Nalisikia hata kwenye vikundi vilivyokwisha kukopeshwa, vikarudi palepale vilipoanzia. Nimechoka kulijibu kikundi kimoja kimoja, kwa hiyo naliandika.

Dhana: Tukipata mtaji, umaskini umekwisha

Mtaji unahitajika, na simbishii mtu asiye na hata hela ya kununulia kifaranga. Ninachokataa ni imani kwamba ukishaupata mambo mengine yatajipanga yenyewe.

Tuchukue kuku wa kienyeji, maana ndio mradi unaoandikwa kwenye maombi mengi ya mkopo yanayonifikia. Kikundi kinapata mkopo, kinajenga banda, kinanunua kuku. Kiangazi kinaingia, kideri, ule ugonjwa wa kuambukiza unaoua kuku, kinapita kijijini, na ndani ya siku chache banda ni tupu. Deni liko palepale. Ukiuliza kama walichanja, unaambiwa: "Hayo ni mambo ya mifugo, sisi tulikuja kwako kwa ajili ya mkopo." Jibu hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu ndani yake ndimo mtaji ulimopotelea.

Chanjo ya kideri aina ya I-2 inatengenezwa hapahapa nchini, Kibaha. Ni tone moja jichoni, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Bei yake haimshindi mfugaji mdogo. Ugumu uko kwingine: chupa moja ina dozi za kuku wengi sana, na ikishafunguliwa haikai. Mwenye kuku kumi na watano akinunua peke yake, sehemu kubwa anaimwaga. Na hata akiwachanja wake wote, kuku wa jirani wasipochanjwa ugonjwa unaendelea kuzunguka kijijini, na vifaranga wake watakaoanguliwa kesho hawana kinga.

Njia pekee ninayoijua inayofanya kazi ni kitongoji kizima kuchanja siku moja. Hesabu wanaohitajika hapo. Mwenyekiti wa kitongoji apange siku na aisimamie. Bwana mifugo alete chanjo ikiwa kwenye ubaridi. Mwenye duka lenye friji akubali kuilaza usiku mmoja. Tangazo litolewe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, na mwalimu mkuu awaambie watoto wawakumbushe wazazi kuwafungia kuku ndani alfajiri hiyo. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayehitaji mkopo. Wanachohitaji ni mtu wa kuwakutanisha.

Sasa hamia kwa mama muuza vitumbua. Amepata mkopo, biashara inakwenda, mtoto anaugua na kulazwa. Hela ya unga na mafuta inaishia kwenye dawa, kisha marejesho anayakopa kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa. Mwisho wa mwaka kwenye daftari langu anasomeka kama mkopaji sugu, wakati kilichomwangusha ni kukosa bima. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipoanza, kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kikundi cha kuweka na kukopa kinachokutana kila wiki kinaweza kukusanya kiasi kama hicho kupitia mfuko wa jamii, yaani ule wa kusaidiana ndani ya kikundi, bila mtu kuumia. Ndiyo maana nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza hata nikionekana king'ang'anizi: siku ya kuvunja kikundi, yaani ya kugawana akiba, kabla ya mgao, kila mwanachama akatiwe bima kwanza. Muiteni mtu wa zahanati au wa kuandikisha aje siku hiyohiyo na fomu zake.

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2011/12 ulikuta asilimia 28.2 ya Watanzania Bara wakiwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Ule wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4. Vikundi viliendelea kukopeshwa miaka yote hiyo. Sisemi mikopo haikusaidia. Nasema kwamba mkopo ukiachwa peke yake unapunguza umaskini taratibu mno.

Dhana: Kila idara ina mambo yake

Hii ni ndugu wa ile ya kwanza, na safari hii wenye kuishikilia zaidi ni sisi watumishi. Mkoa wangu uliilipia kwa uhai wa watu. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, na 20 wakafariki, na chanzo kilikuwa mahindi waliyoyalima na kuyala wenyewe. Hebu niambie hilo ni la idara gani. Namna ya kukausha mazao juu ya turubai na kuyahifadhi yakiwa makavu anaifahamu bwana shamba. Wagonjwa wanapokelewa na mganga. Anayenunua mahindi yenye unyevu kwa haraka, akiwahi bei, ni mfanyabiashara. Mtoto anayekunywa uji wa unga huo yuko kwenye daftari la kliniki. Kila mmoja ameshika kipande chake cha habari, na familia haipati habari nzima.

Kamati ya Maendeleo ya Kata ipo kwa ajili hiyo. Diwani yupo, watendaji wa vijiji wapo, wataalamu wa kata tupo. Lakini kila mara tunasomeana taarifa, kilimo ya kwake, afya ya kwake, elimu ya kwake, kisha tunafunga kikao. Ningependa siku moja ajenda iwe tatizo moja tu, kila mtu aseme atafanya nini na lini, na mtendaji wa kata aandike majina.

Dhana: Hela ya asilimia kumi ni ya serikali, haidaiwi

Inadaiwa. Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Mapato hayo yanatoka kwenye ushuru wa mazao na wa soko, maana yake ni jirani yako aliyelipia gunia lake kizuizini. Mikopo hii ilisitishwa Aprili 2023, ikaanza tena 2024 kwa utaratibu mpya. Usiporejesha, kikundi kinachofuata kwenye foleni kinakosa.

Dhana: TASAF inafuga wavivu

TASAF ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali. Jaribio lake la kuzipa kaya maskini ruzuku ya fedha lilianza 2010 Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, na vijiji vilivyopata vikalinganishwa na visivyopata. Kaya zilizopata ruzuku ziliongeza mifugo na kujiunga na bima ya afya kuliko zile nyingine. Tena masharti yake ni mtoto ahudhurie shule na mdogo apelekwe kliniki, kwa hiyo bila mwalimu na mhudumu wa afya mpango wenyewe hausimami. Anayewaita walengwa wavivu aende akaone wanavyofanya kazi za ajira ya muda kwenye malambo.

Dhana: Wadau ni wafadhili

Mwenye mashine ya kusaga ni mdau. Dereva wa fuso anayepakia alizeti zenu ni mdau. Kamati ya maji inayojua kisima kipi hukauka mwezi wa tisa ni mdau mkubwa. Msisubiri gari lenye nembo mlangoni.

Kikundi kikija kwangu na fomu ya mkopo wa kuku, siku hizi naanza na maswali haya: bwana mifugo ameliona banda? Mnunuzi ni nani? Wanachama wangapi wana bima? Nani atahifadhi chanjo? Majibu yakikosekana, fomu inarudi. Na kwa wenyeviti wa vijiji nina ombi moja. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji unaitishwa kila miezi mitatu, na chanjo ya kideri nayo ni kila miezi mitatu. Iwekeni kwenye ajenda mara baada ya mapato na matumizi, na msifunge mkutano kabla ya kutaja tarehe ya kila kitongoji.