Kwanza bandueni lipu ya saruji

Ukiuliza njia Dar es Salaam, ni nadra kutajiwa jina la barabara. Utatajiwa nyumba, au mtu aliyekuwa na nyumba. Kituo cha Mtoni kwa Azizi Ali kinabeba jina la mjenzi maarufu, baba yake Dossa Aziz wa TANU, na hata kijana aliyezaliwa juzi anajua pa kushukia. Kazi yangu ni kukarabati nyumba kongwe. Familia ikiniita, kabla sijatazama paa, huwauliza: watu wa mtaa huu wanaitajaje nyumba yenu wanapoelekezana?

Nyumba niliyonayo mkononi sasa iko Kariakoo. Ni nyumba ya Kiswahili hasa: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma, baraza mbele. Kuta zake ni za miti na fito, zimekandikwa udongo na mawe madogo. Kushoto na kulia yamesimama maghorofa yenye fremu za maduka. Wapagazi wa sokoni wanaiita "kwenye mlango wa nakshi", na hawaitaji kwa namna nyingine.

"Shikamoo mama," nilimwamkia mwenye nyumba.

"Marahaba mwanangu. Njoo umtazame mgonjwa."

Akanipeleka kwenye ukuta wa chumba cha mwisho. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe tupu. Nikachokoa kwa ncha ya kisu, na kipande cha lipu chenye upana wa sinia kikaanguka kizima. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa kana kwamba umekandikwa jana, na juu ya mti mmoja vilipanda vichuguu vyembamba vya mchwa, kimya kimya, miaka yote hiyo.

Nimeona hali hii mara nyingi mno, na chanzo chake karibu kila mara ni kilekile. Zamani ukuta ule ulipigwa lipu ya chokaa. Baadaye fundi akaiona chakavu, akapiga ya saruji kwa nia njema kabisa. Udongo hunyonya maji kutoka ardhini, na chokaa, kwa kuwa ina vitundu vidogo, huyaachia yatoke kama mvuke. Saruji huyafungia ndani. Tena udongo huvimba masika na kusinyaa kiangazi, lakini saruji ni ngumu, haiwezi kuufuata, kwa hiyo hupasuka. Mvua huingia kwenye ufa, na ikishaingia haina pa kutokea. Kwa nje nyumba inaonekana imara, imepakwa rangi, huku miti inaoza.

Kwa hiyo tunabandua. Patasi na nyundo ndogo, kidogo kidogo, maana nyundo kubwa huangusha na udongo wenyewe. Kisha ukuta unaachwa ukauke, miti iliyoliwa inabadilishwa, tunakandika upya. Chokaa iliyochomwa inazimwa kwa maji (inachemka kwelikweli, watoto wasisogee) na kulazwa kwenye maji wiki kadhaa. Ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi hurudisha unyevu ukutani. Lipu inapigwa nyembamba, kama sentimita 1, kisha inafunikwa magunia mabichi. Hapa ndipo mafundi vijana hunichoka, kwa sababu chokaa haiharakishwi: inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe polepole, na jua la Dar likiiwahi inakuwa unga.

Suala la sheria huwashangaza wengi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalilinda moja kwa moja jengo la kabla ya 1863. Sultani Majid alianza kuujenga mji huu katika miaka hiyohiyo ya 1860, kwa hiyo karibu nyumba zote za Dar es Salaam zinabaki nje ya ulinzi huo mpaka Waziri azitangaze katika Gazeti la Serikali. Milango iliyochongwa kabla ya 1940 inatajwa na kulindwa. Mlango wa mama huyu unaweza kuwa na ulinzi ambao vyumba vyake sita havina, na jambo hili linanisumbua sana.

Boma la Kale, lililojengwa 1866 hadi 1867, bado lipo Kivukoni, na linatumika. Jengo kongwe la Salamander pale Barabara ya Samora halipo tena. Nilikuwa napita hapo kila wiki.

Kariakoo hatari kubwa ni mirathi. Warithi wakiwa wengi, na mtu akaja na ahadi ya ghorofa na fremu kwa kila mmoja, mnasikiliza. Siwalaumu, ni haki yao. Niliiomba familia hii wakae kikao kabla ya kazi kuanza. Wamekubaliana vyumba viwili vya mbele wavipangishe kwa mshona nguo, kodi ilipie mabati na chokaa. Mama kabaki na baraza lake, na tumepiga picha za kila chumba na kila nakshi ili ziambatane na barua ya kumwomba Waziri aitangaze nyumba.

Ule ukuta wa chumba cha mwisho bado uko wazi. Jana niliuwekea kiganja: juu umekauka, chini bado baridi. Tutasubiri.