Ufa usio na mwanya

Kila nikienda kuzungumza na wanafunzi kuhusu matetemeko ya ardhi, hakosi mmoja wa kuuliza: "Mwalimu, mtu anaweza kutumbukia kwenye huo ufa?" Simlaumu. Neno lenyewe linatupoteza. Ufa tunaoujua ni wa ukutani, mjusi anapita na upepo unapita. Ufa wa miamba, kilomita kumi chini ya miguu yetu, hauna mwanya. Uzito wa mawe yaliyo juu umezibana pande zake mbili zikashikana kabisa, na kushikana huko ndiko kunakozaa tetemeko.

Basi huwa natoa tofali. Nalifunga mpira wa manati, nalilaza kwenye sakafu ya saruji, namwomba mwanafunzi avute taratibu. Mpira unarefuka, tofali limetulia. Unarefuka tena, unakuwa mwembamba, darasa linaanza kunong'ona, mara tofali linachupa kama chura na kutulia. Mkono haukuchupa, umekwenda mwendo uleule tangu mwanzo. Kilichofyatuka ni nguvu iliyojilimbikiza kwenye mpira wakati msuguano umelishika tofali.

Ardhini, mpira ni mwamba wenyewe. Ndiyo, mwamba hupinda, ila kidogo sana. Baada ya tetemeko la San Francisco la 1906, nyua zilizokuwa zimenyooka zilikutwa zimekatika, kila kipande kimehamia upande wake. Mwanajiolojia wa Marekani, Harry Fielding Reid, akaeleza mwaka 1910 kwamba ardhi ilikuwa ikipinda kwa miaka mingi kabla ya kufyatuka.

Kwetu mkono unaovuta ni wa polepole. Bonde la Ufa hapa Kenya na Tanzania linatanuka milimita chache tu kwa mwaka. Kucha zako zinalishinda mbio. Lakini tarehe 6 Januari 1928, Subukia nchini Kenya, ardhi ya upande mmoja wa ufa ilishuka hadi mita 2.4, na mpasuko ukaonekana juu kwa takribani kilomita 38. Ukubwa wa tetemeko hilo ulikuwa 6.9. Hata kama ufa huo mmoja ungebeba mtanuko wote wa bonde, akiba hiyo ni ya mamia ya miaka. Na haufyatuki wote kwa mpigo: huanzia mahali pamoja, kisha hufunguka kama zipu, kilomita mbili au tatu kwa sekunde. Urefu wa Subukia huisha ndani ya robo dakika hivi.

Si kila ufa una hasira hizo. Julai 2007, chini ya mlima Gelai karibu na Ziwa Natron, matetemeko yalifuatana hata watu wakakimbia nje ya majengo mpaka Nairobi. Picha za satelaiti zilipopimwa, ilionekana kwamba ufa mmoja ulikuwa umeteleza kwa siku kadhaa kimyakimya, mwendo mkubwa kuliko mtetemo uliosikika. Kwa mtelezo huo miamba ilihama, vikombe havikuanguka kabatini.

Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilianzia kina cha kilomita 40 hivi. Kwa hiyo ukionyeshwa picha ya nyufa za uani ukaambiwa "ufa wenyewe ndio huu", kataa. Hizo ni alama za udongo uliotikiswa. Ufa uliotikisa umebaki huko chini.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia atatabiri tofali litachupa lini. Akaupima mpira kwa rula, akaandika. Mara ya kwanza lilichupa kwenye sentimita 31. Akatuahidi 31 nyingine, likachupa 24. Mara ya tatu mpira ukapita 35, tofali bado limeng'ang'ania. Akaligeuza, akapapasa chini yake kwa kidole, akaona punje ya mchanga iliyonata pembeni.

"Mwalimu," akasema, "na huko chini nani atapapasa?"