Ruzuku sio bure, wala sio mkopo

Juzi kwenye daladala nimesikia tena, jamaa anasema wakulima wetu wamezoeshwa mbolea ya bure ndo maana hawaendelei, na aliyekaa naye akamjibu wala sio bure, ule ni mkopo, watakuja kudaiwa tu. Wote wawili walikuwa wanaongelea mbolea ya ruzuku na wote wawili wamekosea, na mimi nimeshachoka kusikia hivi kwa hiyo leo naandika.

Ruzuku kwa kifupi ni hela ambayo serikali inalipia sehemu ya bei ya kitu ili mnunuzi alipe pungufu. Basi, hiyo ndo maana yake kwa mkulima. Mwaka 2022 vita ya Urusi na Ukraine ilipopandisha bei ya mbolea dunia nzima, mfuko wa kilo 50 wa urea huku kwetu ulipita laki moja, ndipo tarehe 8 Agosti siku ya Nane Nane pale Mbeya Rais Samia akazindua mpango wa ruzuku, mkulima aliyejiandikisha kijijini anaenda kwa wakala, anatoa namba yake, msimu huo alilipa 70,000 kwa mfuko wa urea, na ile tofauti muuzaji anaidai serikalini. Elfu sabini aliitoa mkulima mfukoni mwake. Mtu anayetoa elfu sabini huwezi kumwambia amepewa bure.

Sasa hii dhana ya bure inatoka wapi? Mimi nadhani inatoka kwenye neno lenyewe. Ruzuku na riziki ni ndugu wa damu, mzizi wao ni mmoja wa Kiarabu, riziki imetoka kwenye jina *rizq* na ruzuku imetoka kwenye kitenzi chake, *yarzuqu*, ndo maana yenyewe ina u zote hizo. Na kitenzi tunacho mpaka leo, watu wanasema Mungu amemruzuku mtoto, Mungu akuruzuku kheri, na kila anayeitwa Abdulrazaki amebeba mzizi huohuo, mja wa Mwenye kuruzuku. Yaani kwenye asili yake anayeruzuku ni Mungu, anatoa bila kudai na bila kuishiwa, na wazee walisema riziki haivutwi kwa kamba, inakuja yenyewe. Neno zuri kweli, ila tulipolichukua tukalipeleka kwenye bajeti tukalipeleka na ile hisia yake, mtu akisikia serikali imetoa ruzuku anasikia kitu kimeshuka kutoka juu. Wakati ya serikali haishuki, inapitishwa bungeni, inatoka kwenye kodi, na kodi hiyo mkulima naye anailipa kila akinunua sabuni au mafuta ya bodaboda, na mazao yake yakiuzwa bado yanatozwa ushuru.

Halafu kuna tatizo la pili ambalo ndo linaniudhi zaidi. Neno hilihili tunalitumia kwa hela inayotolewa yote kama ilivyo. Vyama vya siasa vinapata ruzuku, hiyo inaingia kwenye akaunti ya chama. Shule ya msingi inapata ruzuku ya uendeshaji, nayo inaingia kwenye akaunti ya shule. Waingereza hapo wana maneno mawili tofauti, *subsidy* ya kupunguza bei na *grant* ya hela inayotolewa yote, sisi tuna moja, kwa hiyo mtu akisikia mkulima naye anapata ruzuku anaona picha ya akaunti inajazwa. Mkulima haingiziwi kitu. Asipokuwa na hela ya kununua, ruzuku haimfikii kabisa.

Na hili lilionekana wazi enzi za vocha za pembejeo, ule mpango wa serikali ulioenea kuanzia msimu wa 2008/2009 kwa wakulima wa mahindi na mpunga. Vocha ilikuwa inafuta kama nusu ya bei, kwa ekari moja tu, nusu iliyobaki unajazia mwenyewe. Kuna walioshindwa kujazia, wakabaki na karatasi mkononi, wengine wakaishia kuiachia kwa wakala kwa hela kidogo. Ukishaamini ruzuku ni bure huwezi kuelewa kwa nini maskini kuliko wote kijijini ndo aliikosa.

Na kwa yule aliyesema ni mkopo, mkopo unarudishwa, ruzuku hairudishwi. Bei elekezi nayo ni amri tu kwa muuzaji asizidishe, haina hela ndani yake, ingawa mara nyingi vinatangazwa pamoja na watu wanavichanganya.

Je mkulima anastahili ruzuku? Mi naona ndiyo, lakini anayebisha simkatalii haki yake ya kubisha, hela ni ya wote na inaweza kwenda kwenye barabara za vijijini au umwagiliaji na ikasaidia zaidi. Ila tukianza kuhesabu nani anambeba nani tuhesabu pande zote. Mwaka 2017 mahindi yalizuiwa kwenda nje ya nchi, bei ikaporomoka, aliyekula sembe ya bei nafuu mjini alilipiwa ile tofauti na mkulima wa Rukwa au Ruvuma aliyeuza gunia kwa hasara. Hiyo nayo ni kama ruzuku, imetoka shambani kwenda mjini, sema hakuna aliyeiita hivyo.

Kwa hiyo ndugu yangu wa daladala, siku nyingine sema mbolea ya bei ya ruzuku. Au itaje kwa bei yake, kama mkulima mwenyewe anavyoisema akiwa anaihesabia noti dukani.