Kuvuka Horohoro si kupona

"Yakhe, mambo yakichacha navuka Horohoro. Nikishakanyaga upande wa pili mimi ni mkimbizi, nani tena ataniweza?"

Maneno hayo ya kuvuka Horohoro, mlango wa kuingilia Tanzania, huletwa kwenye meza ya msaada wa sheria hapa Malindi kila baada ya maandamano, na kadiri uchaguzi wa Agosti 2027 unavyokaribia ndivyo yanavyozidi. Vijana wa Shela na Maweni huyasema, na wavuvi wa Lamu waliopaza sauti kuhusu bandari huyasema. Tangu uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 2025 yanakuja pia kinyumenyume, kwa wenye jamaa Tanga na Dar es Salaam wanaoulizia kuja huku. Ubaya ni kwamba anayeyasema huwa ameshaamua. Hakuja kuuliza, amekuja kuitikiwa. Basi dhana hii itajibiwa kwa kirefu, na dhana nyingine zinazofuata chini zitapita mbio.

"Ukivuka mpaka umekuwa mkimbizi, na mkimbizi amepona"

Hapo pana makosa mawili. Tuanze na la kwanza. Mkataba wa kimataifa wa wakimbizi wa mwaka 1951 unamtaka mkimbizi awe nje ya nchi yake, kweli, lakini hilo ni sharti moja tu. La pili ni hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa siasa. Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa mwaka 1969 ukaongeza wanaokimbia vita na fujo zinazovuruga nchi au sehemu yake. Anayekutambua ni serikali ya nchi uliyoingia, baada ya kukuhoji. Mpaka uamuzi utoke, mtu ni mwomba hifadhi, na ombi linaweza kukataliwa.

Tena kuna muda. Sheria ya Tanzania inakupa siku 7 tangu kuingia ujitokeze, Uganda siku 30, Kenya siku 30, Marekani mwaka 1. Lakini desturi yetu ni kufikia kwa shangazi Ngamiani, Tanga, kukaa miezi miwili "mambo yapoe", kisha ndipo kuulizia ofisi. Huyo kwa afisa ni mgeni aliyezidisha muda, na swali la kwanza litakuwa: kama uliogopa hivyo, mbona ulinyamaza?

Mkataba wa 1951 unasema nchi isimwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila ruhusa, ila unamtaka ajitokeze bila kukawia na aeleze sababu. Aliyeshuka kwa mashua ya usiku kutoka Vanga akajificha ameutupa ulinzi huo mwenyewe. Kama una pasipoti, pita mlangoni, ugongwe muhuri. Na pasipoti yenyewe si ya kutafutwa wiki ya shida: ni zaidi ya shilingi 7,500, na inadai kitambulisho, ambacho Mbajuni wa Kizingitini, Lamu, anajua kinavyosumbua kupatikana. Kadi ya homa ya manjano, inayoulizwa ukiingia Tanzania, huanza kuhesabika siku ya 10 baada ya chanjo. Anayechanjwa Jumatatu ili avuke Jumatano anatafuta kurudishwa au kutozwa chai. Na anayefikiria upande wa Kiunga, kuelekea Somalia, aache. Mpaka ule ulifungwa rasmi mwaka 2011, na ng'ambo yake ndiko watu wanakokimbia.

Kosa la pili ndilo la hatari zaidi. Tarehe 16 Novemba 2024 Kizza Besigye, mpinzani wa serikali ya Uganda, alichukuliwa Nairobi. Tarehe 20 alikuwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Mwezi mmoja kabla yake, Waturuki 4 waliokuwa wakimbizi waliotambuliwa nchini Kenya walirudishwa Uturuki, na serikali ikakiri. Wale walikuwa na karatasi mkononi. Januari 2025 Maria Sarungi Tsehai, mkosoaji wa serikali ya Tanzania, alinyakuliwa papa hapa Nairobi akaachiwa baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua nchi, usitazame umbali wa matatu. Tazama nani anapeana mkono na nani. Majirani wa Afrika Mashariki wanatosha kwa anayekimbia chifu, genge au OCS (mkuu wa kituo cha polisi) mmoja mwenye kisasi. Anayekimbia dola nzima, aliye na jina linalojulikana, Tanga ni chumba cha pili cha nyumba ile ile.

Hata anayepokewa vizuri hasomi kifungu cha 3 cha mkataba ule wa OAU. Kinazitaka nchi ziwazuie wakimbizi kuishambulia nchi yoyote mwanachama, kwa silaha, magazeti au redio. Waliouandika mwaka 1969 hawakujua TikTok, lakini afisa atakayekuonya anajua. Anayeondoka ili "aendelee kupiga kelele akiwa salama" apime kama nchi anayokwenda itamwachia hizo kelele.

Na wanaoulizia ubalozi: ubalozi wa Marekani hautoi hifadhi mlangoni pake. Ombi la kule hufanywa na aliyekwisha kufika kule. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, nayo haigawi visa. Wanaopelekwa nchi ya tatu ni chini ya 1 kwa kila wakimbizi 100 duniani. Wengi waliobaki wa ukanda wetu wanaishi kambini, kama Nyarugusu, Nakivale, Kakuma au Dadaab, miaka na miaka.

Mahojiano yanapoharibikia

Hapa ndipo uvumilivu huisha kabisa, maana watu wenye kesi za kweli huanguka kwa vitu vidogo.

Saa zetu. Mtu anasema alichukuliwa "saa nane za usiku". Mkalimani aliyejifunza Kiswahili darasani anaandika saa 8 za usiku kwa Kizungu, yaani 20:00. Baadaye nakala ya OB, daftari la matukio la kituo cha polisi, inaonyesha 02:10. Afisa anaona muongo. Andika kila saa kwa tarakimu nne: 02:10, 14:30, na uitaje hivyo hivyo.

Jamaa zetu. Hapa pwani ndugu wa baba ni baba na dada wa mama ni mama. Ukisema "baba alipigwa mwaka 2014", na mahali pengine umesema baba alikufa 2009, umejikanusha. Sema baba mzazi, au ndugu yake baba, kila mara, hata ikichosha.

Majina. Pasipoti ina majina matatu, mtaani unaitwa Madi, gazeti limekutaja kwa jina la ukoo. Majina yote yatajwe mwanzoni, kabla hayajaulizwa.

Tarehe. "Ilikuwa mfungo wa sita" inatosha nyumbani, haitoshi ofisini. Igeuze kabla hujaondoka, ukiwa bado na wa kukukumbusha.

Karatasi zenyewe watu huzichoma wakidhani zitawaponza mpakani. Hati ya mashtaka, risiti ya dhamana, nambari ya OB, fomu ya P3 ya majeraha iliyojazwa hospitali, picha ya ujumbe wa vitisho inayoonyesha nambari na tarehe, ukurasa wa gazeti wenye jina lako: hizo ndizo ombi lenyewe. Kama unaogopa kupekuliwa, zipige picha, ziweke kwa watu wawili wasioishi nyumba moja, mmoja akiwa nje ya nchi, na asili uzitume kwa njia nyingine.

Dawa ya yote hayo ni daftari la shule la kurasa 96. Linaudhi kwa urahisi wake, ndiyo maana halinunuliwi. Anza leo, uwe unaondoka au unabaki. Kila tukio mstari wake: tarehe, saa, mahali, nambari ya gari, aliyekuwapo, maneno yaliyosemwa. Andika siku ile ile, kwa kalamu ya wino, usirarue ukurasa. Aliyebaki atalitumia mahakamani, aliyeondoka atalitumia kwenye mahojiano.

Kuondoka kuna bei nyumbani pia, na Lamu inapaswa kuijua kuliko wote. Waliokimbia vijiji vya bara wakati wa vita vya shifta, miaka ya 1960, waliacha mashamba bila hati. Wengi hawakuyapata tena. Hata mwenye hati asilale: katika sheria ya Kenya, aliyeikalia ardhi yako waziwazi, bila idhini yako, kwa miaka 12 anaweza kuidai mahakamani iwe yake. Kabla ya safari, mpe mtu hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, si ahadi ya mdomo. Mwenye mtoto achukue cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili iliyoapwa kwa wakili.

Na kati ya kukaa na kuvuka kuna hatua ambayo wengi hawaijui: kuhama kwa muda ndani ya nchi. Mwezi mmoja Nakuru au Kisumu, bila kutangaza, mara nyingi humaliza shida ya mtu aliyetishwa na afisa wa mahali. Defenders Coalition ya Nairobi husaidia watetezi wa haki kwa hilo.

"Mtu akichukuliwa, ngoja saa 24 ndipo uripoti"

La, la, la. Hakuna sheria ya namna hiyo. Saa 24 ni za polisi, si zako: Kifungu cha 49 cha Katiba kinawataka wamfikishe mtu mahakamani ndani ya muda huo, na muda ukiishia siku isiyo ya mahakama, basi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kukaa hadi Jumatatu, na wanaokamata Ijumaa jioni wanalijua hilo. Zaidi ya hapo hakimu ndiye aongezaye muda, OCS hawezi.

Wewe nenda saa ile ile. Uliza kituo cha kwanza. Wakisema hayupo, taka taarifa iandikwe OB na uondoke na nambari. Enda cha pili, fanya hivyo hivyo. Nambari tatu za OB zinazosema "hayupo hapa" zina uzito kuliko machozi ya ukoo mzima, kwa sababu zinamwonyesha jaji kwamba mmetafuta. Piga IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, 1559. Kisha wakili apeleke Mahakama Kuu, Malindi au Garsen, ombi la kuamuru mtu aletwe, lile waliitalo habeas corpus. Haki hiyo haiwezi kupunguzwa, imo katika Kifungu cha 25. Mwingine yeyote anaweza kuomba kwa niaba yake, ada ya kufungua haitozwi, na Kifungu cha 22 kinaruhusu hata maombi yasiyo rasmi. Kinachoharibu ni kungoja: mzee fulani atazungumza na mkubwa fulani, siku tatu zinapita, kamera za dukani zimejifuta.

Bondi ya polisi ni bure. Ukitoa pesa za dhamana, taka risiti.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu"

Methali nzuri, ushauri mbaya. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, amri ya kutotoka usiku Lamu iliwafungia kazi wavuvi wa usiku. Hawakuwa wamesema neno. Kunyamaza hakukuwapa ruhusa ya kutia jarife.

"Kupinga ni kushika silaha"

Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walipitia kampeni 323 za upinzani za mwaka 1900 hadi 2006. Zisizo za silaha zilifaulu asilimia 53, za silaha 26. Anayemtaja Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza, akumbuke kwamba yeye alianza na kiapo cha watu kukataa kutoa vibarua na kodi. Na mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliotakiwa kujengwa Kwasasi, Lamu, haukuzuiwa na panga. Ulizuiwa tarehe 26 Juni 2019, pale jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilipofuta leseni, mojawapo ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ushindi wa kesi kama hiyo hutegemea nani alialikwa mkutanoni, aliambiwa nini, na ripoti gani alipewa kabla. Ukiitwa kwenye "mkutano wa wananchi", soma kichwa cha karatasi ya mahudhurio kabla ya kutia sahihi.

"Nikifuta WhatsApp sina cha kushikiwa"

Mnara unakuona simu ikiwa imewashwa tu, na laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Chelezo (nakala ya akiba) ya mazungumzo inabaki Google, na inaweza kusomwa usipoifunga kwa nenosiri lake. Zima alama ya kidole, tumia tarakimu 6 au zaidi: kidole kinaweza kushikwa kikawekwa.

"Maandamano yanahitaji kibali"

Yanahitaji taarifa. OCS apelekewe taarifa si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, ikiwa na jina na anwani ya mwandalizi, siku, njia itakayopitwa, na muda kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Anaweza kukataa kama kuna waliotangulia kutoa taarifa ya siku na mahali hapo, au hatari iliyo wazi ya uvunjifu wa amani, na akujulishe. Kosa la kila mara ni kupeleka nakala moja. Inapokelewa, inawekwa chini ya kikombe cha chai, na siku ya siku hakuna aliyewahi kuiona. Peleka mbili, ya pili igongwe muhuri mbele yako, na isitoke mkononi mwako mpaka watu watawanyike.